Blanketi la Mwoka Mikate

Dada yangu ameolewa na mwoka mikate, mtu mpole kama maji ya mtungi. Lakini wiki ile ya baridi kali, kila alfajiri dada aliamka anatetemeka: mume hayupo, na blanketi zito halipo. Jioni blanketi lilirudi likinuka uchachu kama pombe.

“Kaka, huyu ana mwanamke,” akaniambia. “Anamfunika blanketi langu!”

Mimi ambaye jicho langu humwona hata mchwa akipiga miayo, nikamjibu, “Twende tukawafumanie.”

Tukanyemelea hadi chumba cha kuokea. Kando ya tanuri, blanketi lilikuwa limefunika kitu kinene, kama mtu aliyejikunyata. Dada akavua ndala, akakichapa kwa nguvu zote. Kikanywea.

Shemeji akaja mbio, unga hadi kwenye nyusi. “Mke wangu, umeniua! Baridi hii donge la unga wa mkate haliumuki bila kufunikwa!”

“Mbona hukuniambia?”

“Ningekuambia, ungenipa blanketi?”

“Nisingekupa,” dada akakiri, akakunja mikono ya gauni na kuanza kulikanda upya donge alilolichapa. Kisha wote wawili wakanigeukia.

“Shemeji, kwako una mablanketi mangapi?”

Nikakumbuka nina safari ya haraka.