Nilivyofunga Kula Ili Nisifiwe Kliniki ya Sukari

Mimi ni mwongo, ndugu zangu, tena mwongo aliyepigiwa makofi!

Niko na kisukari, na kwa miaka mingi nilikuwa nyota wa kliniki yetu hapa Machakos. Siri yangu? Siku ya kupimwa ikikaribia, naacha kula kabisa, kisha nameza dawa nilizokuwa nimezisahau. Nafika mikono ikitetemeka kwa njaa. Sista ananitoboa kidole, anatazama mashine, anapaza sauti: "Mwoneni mzee huyu! Hivi ndivyo sukari inavyotunzwa!"

Benchi zima linapiga makofi. Nami, bila haya, nasimama kuwahubiria juu ya mboga!

Nikitoka hapo, moja kwa moja hotelini nyuma ya soko. Chapati, maharagwe, soda baridi. Mshindi lazima ajipongeze!

Nyumbani, kijijini Kola, mke wangu alinipikia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, bila mafuta. Hata yeye aliacha sukari kwenye chai. "Ili usijione uko peke yako, Baba Mumo." Nami nikainywa chai hiyo huku tumbo limejaa soda. Aiya!

Kisha siku moja, tukitengeneza matuta shambani, jasho baridi likanitiririka. Pumzi ikawa fupi, tumbo likachafuka. Kifua? Kimya kabisa.

"Twende hospitali," mke wangu akasema.

"Kwa jasho tu? Mgonjwa wa moyo hushika kifua akaanguka. Mimi niko sawa!"

Elimu hiyo niliipata kwenye sinema, profesa mimi! Nikajilaza hadi kesho yake, niliposhindwa hata kufunga vifungo vya shati.

Hapo mke wangu akanipeleka hospitali. Ilikuwa shambulio la moyo. Kitanda cha jirani alilazwa dereva wa lori, moyo vilevile, ila hana sukari. Mshipa wake ulikuwa umeziba mahali pamoja. Wakauzibua, akaenda zake nyumbani. Mimi je? Waliponipiga picha ya moyo, kwenye skrini niliona mishipa yangu imekonda kama vijito vya Kola wakati wa kiangazi: imebanwa hapa, pale, na kule hadi nchani.

"Mzee, sukari ikikaa juu kwa miaka hufanya hivi," daktari akasema. "Huua na neva za kuhisi maumivu pia. Pengine ndiyo sababu hukusikia maumivu."

"Lakini namba zangu ni nzuri! Waulize kliniki!"

"Ile ya kidole ni ya asubuhi hiyo tu. Kipimo hiki cha damu tulichokufanyia kinasoma miezi mitatu nyuma, na kinasema ulikuwa unakula vizuri sana."

Mke wangu alikuwa amesimama pale pale. "Kwa hivyo mgonjwa wa sukari alikuwa mimi?" akauliza. "Maana niliyefuata masharti ni mimi peke yangu."

Daktari akakohoa kuficha kicheko.

Sehemu ya moyo wangu imekufa. Nikienda chooni napumzika njiani. Matuta anachimba mke wangu, na jioni hanisemeshi sana. Hilo ndilo linaloniuma, si kifua.

Wewe unayejinyima chakula ili umfurahishe sista, unamdanganya nani? Omba kipimo cha miezi mitatu, ujue ukweli wako. Na jasho baridi likikujia pamoja na pumzi fupi, kimbia hospitali, hata kama kifua hakikuambii kitu. Mimi niliyangoja maumivu kwa adabu zote. Mpaka leo hayajafika!