Ribiti ya Tatu

Watu wakiniuliza kwa nini karakana ya Tarsem imefungwa, nawajibu: ribiti, kile kipini kidogo cha kukazia sikio la sufuria. Wanadhani nawatania. Kutania natania sana, sikatai, lakini kwa hili sina hata chembe ya kicheko.

Mimi Thuwaiba, mtu wa Unguja, na kazi yangu pale Tyseley, mjini Birmingham, ilikuwa kung'arisha vyombo na kuvifunga tayari kwa safari. Tarsem, mwenye karakana, aliirithi kwa baba yake Mpunjabi. Fundi tulikuwa naye mmoja tu, Papa Néhémie, Mkongo wa Uvira, anayeishi peke yake huko Castle Vale. Habari hii ni yake.

Kwao Uvira alikuwa mfua sufuria, yeye na baba yake, zile kubwa zinazopikiwa harusini na msibani. Vita vikamtoa. Birmingham ikampokea, ikampeleka yadi ya vyuma chakavu karibu na reli, akakaa huko miaka anatenga shaba na chuma. Hebu fikiria, fundi mzima, kutwa anavunja vitu walivyofua mafundi wenzake. Siku moja Tarsem alikwenda pale kuuza vipande vya shaba, na ndani yake mlikuwa na birika lililotoboka. Papa Néhémie akamwomba asilitupe. Akaazima nyundo akaliziba pale pale, kwa kiraka ambacho usingekiona mpaka ukipapase. Wiki iliyofuata alikuwa kwetu, amevaa aproni.

Kanisani kwao wakaanza kumwita Fundi. Alipoitwa hivyo alikuwa akijifanya hakusikia, ili aitwe tena. Mimi aliniambia mapema kabisa kwamba kule yadi harudi, heri afe. Nikamwambia astaghfirullah, maneno gani hayo, mzee mzima. Lakini nilimwelewa.

Sasa karakana yenyewe ilikuwa taabani. Nani siku hizi ananunua sufuria ya kufuliwa kwa mkono? Tulikuwa tunakwenda kwa kusukumana, mpaka ikaja oda ya makumbusho moja ya Kanada. Barua ilikuwa ya Kifaransa, na mwenye Kifaransa tulikuwa naye mmoja. Papa Néhémie akavaa miwani yake, akakaa juu ya ndoo, akatusomea kwa Kiswahili, mimi nikamgeuzia Tarsem kwa Kiingereza.

Makumbusho yalikuwa yanaandaa maonyesho juu ya Wafaransa na Waingereza walivyogombania biashara ya manyoya huko Amerika ya Kaskazini. Kuna mnyama wa mtoni anaitwa biva, ana meno ya kuangusha miti, na manyoya yake ndiyo waliyokuwa wakishonea kofia za wakubwa Ulaya. Wenyeji wa nchi ndio waliomwinda. Mfaransa anawajia na sufuria, mashoka na mablanketi, Mwingereza naye anawajia na vyake, kila mmoja anamwambia mwenyeji leta ngozi kwangu, usimpelekee yule. Wakashindana hivyo mpaka wakatoleana bunduki. Tarsem akatuambia bunduki nyingi za upande wa Mwingereza zilifuliwa mji huu huu tunaoishi.

Nikauliza, na nchi ikawa ya nani? Papa Néhémie akavua miwani akaifuta. Alisema Mfaransa alishindwa, lakini mwenye nchi ndiye aliyepoteza, na kwao Kongo hadithi hiyo haihitaji kufasiriwa. Kisha akarudi kwenye vipimo.

Walichotaka ni sufuria za Kifaransa, wazipange mbele ya za Kiingereza walizokuwa nazo. Shaba nyembamba, masikio ya chuma, mkono wa chuma, kila kitu sawasawa na sufuria moja iliyofukuliwa kwenye ngome ya zamani. Kila sikio ribiti mbili. Picha zilikuwepo, na maneno yalikuwepo, na aliyeyasoma ni yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Tarsem alitwambia wazi: hii ikipita, zinafuata nyingine, na karakana inabaki. Isipopita anafunga.

Papa Néhémie alifua zile sufuria kwa mapenzi nisiyowahi kuyaona kwa mwanamume. Alikuwa anaziimbia nyimbo za kwao. Nikamtania kwamba angeoa mojawapo tukale pilau, naye akacheka mpaka akaweka nyundo chini.

Zilipokuja mezani kwangu kung'arishwa nikashika sikio la ya kwanza. Nikashika la pili. Nikachukua sufuria nyingine, na nyingine. Ribiti tatu, zote.

Nikamwendea na sufuria mkononi, roho juu. Nilimsema, sikumbakishia. Nikamwuliza amekuwa kipofu au amekuwa mwehu, maana kusoma amesoma yeye. Hakukasirika. Alilitia kidole sikio lile, akanieleza polepole kama mtu anayemweleza mtoto. Msibani kwa mjomba wake, sufuria ya maharage ikiwa motoni imejaa, sikio liling'oka mikononi mwa wabebaji. Lilikuwa la ribiti mbili. Aliyekuwa amesimama chini yake alikuwa dada yake. Tangu siku ile, nyumba yao yote haikutoa tena sufuria ya ribiti mbili, na baba yake aliwaapisha.

Nikamwambia Papa, hizi hazitapikiwa, zitakaa ndani ya kioo.

"Nilisoma, mama. Iko mbili, najua," alisema. "Lakini sufuria iko kitu ya kubebwa na mutu. Miye siwezi kutoa ya kuunguza mutu."

Akaongeza kwamba hajaona bado mtu anayekasirika kwa kupewa kitu imara zaidi ya alichoomba. Kitoe hicho kichwani, Thuwaiba, nikajiambia, fundi ni yeye. Tarsem naye alipoziona alishika kichwa, akamfokea. Muda ulikuwa umekwisha, na kung'oa ribiti kungeacha tundu. Tukabaki kuomba Mungu, kila mtu kwa dini yake.

Mama wa makumbusho alikuja mwenyewe kukagua. Mama mstaarabu, si mtu wa makelele. Alizisifu sana, akasema hajawahi kuona shaba imefuliwa hivyo. Kisha akageuza sufuria moja, akahesabu, akatoa picha, akahesabu tena. Akamsemesha Papa Néhémie kwa Kifaransa, taratibu, kwa muda mrefu. Yeye alikuwa anaitikia kwa kichwa tu. Tulipomwuliza amesema nini, alitujibu kwamba ni nzuri mno, haziwezi kuchukuliwa. Mwenye kujua akiziona atasema makumbusho yanaonyesha uongo.

Tarsem hakumfukuza, na hakumtupia neno baya. Ingekuwa afadhali amtukane. Alifunga karakana kabla mwezi haujaandama, mashine zikanunuliwa na watu waliokuja na lori. Mimi nikapata kazi ya usafi hospitali moja Edgbaston. Papa Néhémie simu hakuwa anashika.

Siku ya kusafisha mabaki Tarsem aliniomba nimsaidie. Tukapakia sufuria zote kwenye gari, tukazipeleka yadi ile ile karibu na reli. Zikapimwa kwenye mizani, Tarsem akatia saini. Akatokea mtu wa kuzipokea, kavaa kofia ngumu na glavu, na kabla hajainua uso nilimjua kwa mabega yake.

Alitusalimu vizuri. Aliniuliza hali, akamwuliza Tarsem habari za mkewe. Nikamwomba aniachie sufuria moja tu, nitamwekea nyumbani kwangu. Akatikisa kichwa, akasema zimeshapimwa, si zetu tena.

Yadi haiuzi shaba yenye chuma. Lazima chuma king'olewe kwanza, ndipo shaba ikabanwe kwenye mashine. Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni anatazama. Papa Néhémie akaweka sufuria ya kwanza chini, akaikanyaga, akapenyeza mtaimbo chini ya sikio, akasukuma. Halikutoka. Akabadilisha mguu, akasukuma tena kwa mwili wake wote, mtu wa umri ule, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Shaba ikapinda, ikakunjika, lakini sikio likabaki pale pale.

Akasimama anahema. Akanitazama, machozi yanamtiririka wala hayafuti.

"Inashika, mama," alisema. "Unaona? Inashika."

Msimamizi akampigia kelele afanye haraka. Akainama, akautia tena mtaimbo. Tarsem alikwenda kukaa garini, akafunga kioo, nami nikabaki nimesimama pale, kwa sababu sikuweza kumwacha peke yake, na sufuria bado zilikuwa nyingi.