Shanga za Akai na Mashine ya Eksirei

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Lodwar, nilifika nimevaa viatu vyeupe nilivyonunua Kitale. Kabla ya chai ya saa nne vilikuwa na rangi ya mchanga. Mkuu wa kitengo cha eksirei alinitazama kutoka juu hadi chini, akanipa koti la kazi lililonipita magoti, akasema, "Karibu. Hapa hatupigi picha za harusi." Huo ndio uliokuwa utani wake pekee, na kila mgeni alipata zamu yake ya kuusikia. Alikuwa mtu wa nyanda za juu, mrefu, mkali, na joto la kwetu lilimwonea sana. Mimi nilikuwa mtoto wa hapa hapa Turkana, msichana wa kwanza katika boma letu kusomea kazi ya mshahara, na nilidhani cheti kimenifundisha yote. Nyinyi mnaoanza leo mnaijua hiyo hali, msijifanye.

Siku hizo picha ilikuwa filamu. Filamu iliwekwa ndani ya kaseti, kisanduku bapa kisichopitisha mwanga, nayo kaseti ikatundikwa ukutani. Kwa picha ya kifua mgonjwa anasimama akiielekea kaseti, anaikumbatia, mashine iko nyuma yake. Unamwambia avute pumzi na asiiachie, unabonyeza. Kisha unaingia chumba cha giza, unaitumbukiza filamu katika dawa ya kwanza ili picha itokee, unaisuuza, unaitia katika dawa ya pili ili isifutike, unaianika. Sasa hivi picha iko kwenye kompyuta kabla mgonjwa hajafunga vifungo. Siwaonei wivu. Chumba cha giza kilikuwa na feni na maji, na saa nane mchana hapakuwa na mahali pengine penye baridi hospitali nzima. Hata Matroni, mkuu wa wauguzi, mama aliyetembea kama askari, alikuwa anapata sababu ya kuja kuniuliza kitu humo ndani, halafu anasahau kuuliza.

Akai aliletwa kutoka upande wa Lokori, juu ya lori, na dada ya mumewe akimshikilia. Alikuwa anakohoa damu. Makohozi yake yalikuwa yamepimwa na hayakuonyesha kitu, kwa hiyo daktari alitaka picha kabla ya kumwanzishia dawa za kifua kikuu, maana dawa zile ni kali na huwezi kumpa mtu miezi mingi kwa kubahatisha. Shanga zake zilianzia chini ya kidevu zikashuka hadi mabegani, safu juu ya safu, nyekundu na njano, zimepakwa mafuta zikang'aa. Mkuu wa kitengo akasema bila kuinua kichwa, "Mwambie avue."

Nikamwambia. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri, nikatafsiri.

Akai akanishika mkono. "Lomuria amekufa?" akauliza. "Nani ameleta habari?"

Lomuria ni mume wake. Kwetu mwanamke aliyeolewa hakai shingo tupu. Shanga anazivua akifiwa na mume, na watu wakiiona shingo hiyo wanajua bila kuambiwa. Sasa hapa ni msichana wa koti jeupe, mahali pa serikali, anamwambia avue! Dada ya Lomuria alikuwa ameshaanza kilio pale kwenye korido, na mama wengine wawili waliokuja na watoto wao wakamsaidia. Ilibidi Matroni aje kuapa mbele ya wote kwamba hakuna aliyekufa.

Mkuu wa kitengo hakuwa mtu mbaya, na kuhusu kazi hakukosea. Alikubali tupige picha na shanga zikiwa mahali pake, ili mabishano yaishe. Filamu ilipokauka akaiinua kwenye mwanga. Sehemu yote ya juu ya mapafu ilikuwa nyeupe, maana miali haipiti kwenye shanga na nyaya zake. "Ugonjwa huu unapenda kukaa hapa juu," akasema, akigonga pale peupe kwa kucha. "Nitamwambia nini daktari? Kwamba mgonjwa ana shanga nzuri?"

Nikarudi kwa Akai. Akakataa. "Mimi si mjane," akasema.

"Mwambie hakuna aliyemwita mjane. Ni shanga tu," mkuu wa kitengo akasema.

Nikamwambia. Akai akamtazama bosi wangu, na alikuwa amekonda mpaka macho yamebaki peke yake usoni, akajibu, "Na yeye avue suruali. Ni kitambaa tu."

"Amesema nini?"

Haki, niliogopa. Lakini nikatafsiri yote. Mkuu wa kitengo akacheka mpaka akavua miwani. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka, hata utani wake mwenyewe haukuwa unamchekesha. Alipomaliza akasema, "Haya. Muulize yeye anataka ifanyike vipi."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza, hata mimi mwenyewe. Akai akaeleza kama mtu aliyekuwa amejipanga zamani. Shanga zitavuliwa na dada ya mume wake, si mtu mwingine. Hazitalazwa chini wala juu ya meza ya hospitali. Na Lomuria mwenyewe awe ndani ya chumba, mzima, amesimama. Basi.

Lomuria alikuwa na mifugo huko mbele ya Lokori, na hakuna simu iliyofika alikokuwa. Ujumbe ulienda na dereva wa lori la mbuzi. Tukangoja. Hayo maneno ni mepesi kuyaandika. Akai alizidi kudhoofika, asubuhi moja beseni lilikuwa na damu ambayo sikupenda kuiona, na daktari akamwambia mkuu wa kitengo kwamba anachezea maisha ya mtu kwa ajili ya mapambo. Mkuu wa kitengo akamjibu, "Mimi sichezi, daktari. Nangoja." Siku hiyo nilimpenda yule mzee.

Katika kungoja huko ndipo nilipojifunza kunywa chai, chekeni mkitaka. Matroni alikuwa ameamuru Akai akae nje, upepo uchukue kikohozi, na mimi nilikuwa naenda kumwona na kikombe changu mkononi, nimesimama, nakunywa nikiangalia mlango. Akai akanivumilia siku chache, kisha akasema, "Wewe unakunywa kama mtu anayefukuzwa. Nani anakufukuza?" Nikaketi. Kivuli cha ukuta kilikuwa bado kirefu, upepo wa asubuhi haujageuka kuwa joto, chai ina tangawizi. Yeye alikuwa mgonjwa wa kufa na ndiye aliyekuwa ananionyesha kwamba asubuhi ni nzuri. Alipenda kuwasema wanaume wa wodi ya pili wanavyotembea, tukicheka mpaka kikohozi kinamkatiza. Tangu hapo sijanywa chai nimesimama, na wakubwa wangu wengine wote wamenikuta nimeketi.

Lomuria akafika. Mwanamume mwembamba, manyoya kwenye kofia, fimbo, kigoda chake kidogo cha mbao mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Ejok," akakisalimu chumba kizima kwa Kiturkana, kisha akanigeukia na Kiswahili chake: "Mimi nasimama wapi?"

Hapo sheria ikainuka. Mashine ikiwaka, asiye mgonjwa hakai ndani. Mkuu wa kitengo alijikuna kidevu, kisha akaenda kuchukua aproni ya risasi, lile vazi zito tunalovaa kuzuia miali, akamfunga Lomuria kwa mikono yake mwenyewe. Lomuria akayumba. "Hii nguo ya nani? Ya punda?"

Dada yake akazivua shanga, safu kwa safu, taratibu. Akaziweka mikononi mwa Lomuria, naye akazibeba jinsi mtu anavyobeba mtoto wa siku moja. Akai akaenda kwenye kaseti, akasimama, halafu akageuka. "Nikiangalia ukuta simwoni."

Jamani. Hatukuwa tumelifikiria hilo.

"Basi aimbe," Akai akasema.

Kwetu kila mwanamume ana fahali wake na wimbo wa fahali huyo. Lomuria akainua mkono mmoja kuiga pembe, shanga kifuani, aproni ya risasi mwilini, akaimba. Mimi na bosi tukiwa nyuma ya kizuizi chetu, nikapaza sauti, "Vuta pumzi! Shikilia!" Akai akashikilia. Na Lomuria naye, mtu mtiifu, akashikilia. Wimbo ukakatika. Akai akageuka kwa hofu, "Mbona umenyamaza?" na filamu ikaharibika.

"Mwambie huyo mzee yeye apumue!" mkuu wa kitengo akapiga kelele. "Aimbe mpaka nimwambie!"

Ya pili ilitoka. Tundu lilikuwa upande wa kulia, juu kabisa, pale pale palipokuwa peupe. Filamu ikiwa bado ndani ya dawa, shanga zilikuwa zimerudi shingoni. Akai alianza dawa siku hiyo hiyo, akakaa miezi katika manyatta, vile vibanda vya wagonjwa wa kifua kikuu hapo hospitali, na alipotoka alikuwa amenenepa na ana maneno mengi zaidi.

Mkuu wa kitengo alihamishwa, akaja mwingine, kisha mwingine aliyependa mikutano, na mwishowe mimi nikapelekwa Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kuwa mkuu wa kitengo. Kakuma ni kazi ya lugha. Niliwapiga picha kina mama wa Sudan Kusini wenye shanga za kiunoni, wa Kisomali wenye pini kwenye mitandio, Wakongomani wenye vyuma kwenye misuko. Vijana wa kitengo, walioniita Mathe kama mama yao, waliniona mzito. "Mathe, foleni inafika barabarani!" wakasema. Niliwajibu foleni iwe ndefu tu. Mwanamke akiambiwa avue kitu, kwanza aulizwe kile kitu ni cha nini kwake na nani akivue, na mlango ufungwe. Haichukui muda wa kunywa nusu kikombe. Mwenye kuona ni kupoteza wakati nilimpeleka kufua mashuka, bila kinyongo.

Sasa nimestaafu, niko Lodwar, na sina la ajabu la kuwaambia kuhusu kustaafu. Naamka jua halijachoma. Nafagia mlango wangu, naketi kwenye mkeka na chai yangu, natazama watu wakiteremka kuelekea mto. Jioni nikimwagia miguu maji huwa nasema "aah" kwa sauti, na majirani wamezoea. Mwili umechoka lakini si kwa ubaya. Hayo yananitosha, na nasikitika kwa wenzangu waliongoja kustaafu ndipo waanze kuketi.

Akai alikuja mwezi uliopita. Tulikuwa tunaonana kila alipokuja mjini, kwa hiyo sikushtuka kusikia "Ejok" yake nje ya lango. Nilishtuka nilipolifungua. Shingo ilikuwa tupu.

Nikainama nianze kupanga mkeka, ambao haukuwa na haja ya kupangwa.

"Lomuria," akasema. "Homa. Hakuchukua siku nyingi."

"Pole, Akai. Pole sana, dada yangu."

"Nimekuja kwa miguu kutoka kituo cha magari. Watu wote wananijua, na wote wanaangalia pembeni. Hata muuza sukari ameangalia sukari." Akaweka fimbo yake chini. "Wewe kazi yako ilikuwa kuangalia watu. Hebu niangalie."

Nikauacha mkeka. Ngozi pale palipokuwa na shanga maisha yote ilikuwa nyepesi na laini, ngozi ambayo jua halijawahi kuifikia, na mshipa mmoja ulikuwa unapiga upande wa kushoto. Nikamwangalia. Nilikuwa nalia na sikuondoa macho, mpaka aliposema inatosha.