Ripoti Niliyomsomea Baba Mkubwa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani hadi leo: siku niliyomsomea baba mkubwa Marwa ripoti yangu ya kwanza, naye akaniuliza swali dogo nikakosa jibu. Nakusimulia kwa sababu umeniandikia kutoka Issenye kwamba umemaliza kidato cha sita na unataka kujua mtu anafanyaje mpaka awe mtaalamu wa mambo ya nje na usalama, kama nilivyokuwa mimi.

Tangu nistaafu na kuhamia hapa Mugumu, watu huniuliza sokoni, "Mama, kwani ulikuwa balozi? Ulikuwa askari?" Sikuwa balozi wala askari. Nilifanya kazi kwenye taasisi ya utafiti, mahali ambapo watu huajiriwa kusoma, kusafiri, kuuliza na kuandika, ili waziri au balozi anapokaa kuamua jambo linalohusu nchi jirani awe na kitu cha kutegemea. Mama mmoja muuza dagaa aliniangalia kwa mshangao akasema, "Yaani ulikuwa unalipwa kwa kufikiri?" Nikamwambia ndiyo, na kuna wakati nililipwa bila kufikiri. Wakati huo ndio huu ninaokusimulia.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nina shahada ya pili ambayo wino wake haujakauka, na nilikuwa mgeni katika taasisi hiyo Dar es Salaam. Mkurugenzi wetu akanituma nyumbani Tarime nikaandike juu ya usalama wa mpaka wetu na Kenya. Aliniambia, "Wewe ni wa kule, utaona haraka." Maneno hayo yaliniponza. Kwa kuwa nilizaliwa kule, nilidhani najua tayari. Ukurasa wa kwanza niliuandika ndani ya basi kabla sijafika: kwamba silaha kutoka vita vya mbali zinapitishwa kwenye njia za ng'ombe. Nilitamani iwe hivyo. Habari za namna hiyo husikilizwa na wakubwa, na mwaka ule kulikuwa na nafasi moja ya kwenda kusoma ng'ambo kwa yule ambaye kazi yake ingesikika.

Nilikaa Sirari, pale mpakani, siku nne, katika nyumba ya wageni. Nilizungumza na maofisa, nikanakili magazeti. Asubuhi ya siku ya tatu tulikuwa tunapita na gari karibu na kijiji cha baba mkubwa, ambaye hata sikuwa nimeenda kumsalimia kwa haraka niliyokuwa nayo. Nikaona vijana sita wanatoka upande wa Kenya, mmoja nyuma ya mwingine, wamebeba mabegani vitu virefu vilivyofungwa magunia. Walipoliona gari waliiacha njia wakaingia kwenye mahindi. Moyo wangu, mwanangu, ulifurahi. Ninaona aibu kukwambia, lakini ulifurahi.

Dereva wetu, Otieno, mtu wa Rorya, alipunguza mwendo. "Dada, nisimame tuwasalimie?"

"Hapana," nikamwambia. "Tuna ratiba."

Ripoti ikatoka. Niliandika kwamba nimeshuhudia kwa macho yangu msafara wa vijana wenye mizigo inayoshukiwa kuwa silaha. Nilipoisoma ukumbini watu walipiga makofi, na wiki hiyohiyo nikaitwa redioni.

Miezi miwili baadaye nilikuja nyumbani na nakala yenye jalada gumu kumpelekea baba mkubwa. Ndiye aliyenilea baba yangu alipofariki, nami nilimwita Tata kama watoto wake. Nilimkuta uani anachambua mbegu za mtama. Nikamwamkia, akafuta mikono, akaigeuzageuza ile ripoti kwa heshima kubwa.

"Kiingereza sikijui," akasema. "Nisomee kwa Kiswahili."

Nikaanza. Ajabu ni kwamba maneno yaliyonguruma ukumbini yalikuwa yakipungua nguvu mdomoni mwangu kadiri nilivyoyafasiri. Nilipofika kwenye wale vijana, Tata akaacha kuchambua.

"Walibeba nini?"

"Inashukiwa kwamba..."

"Sikuulizi kinachoshukiwa. Walibeba nini?"

"Sijui, Tata."

"Uliwauliza?"

Nikaifunga ripoti. Naye hakunigombeza. Alisimama, akachukua fimbo yake, akasema twende.

Tulishuka mpaka kwenye chemchemi iliyo bondeni, kwenye mpaka kabisa. Watu wa upande wetu na wa upande wa Kenya wamechota maji hapo tangu zamani. Sasa palikuwa tope tupu. Maji yalikuwa yanavuja chini ya tangi la saruji, na akina mama wa pande zote mbili walisimama makundi mawili, hawasalimiani. Tata akanieleza taratibu. Mabomba yalikuwa yameoza, vijiji viwili vikachanga, vijana wakatumwa kuyafuata mapya upande wa Kenya. Waliyafunga magunia ili ncha za kuungia zisiharibike, na kidogo pia, sitakuficha, kwa kuwakwepa watu wa forodha. Kisha, baada ya ripoti yangu kusikika, doria ikaongezwa ghafla. Katika safari iliyofuata vijana wawili wakazuiwa kituoni siku mbili, mabomba yakachukuliwa, na hakuna aliyethubutu kurudi. Wiki iliyotangulia, mama mmoja wa Kenya alikuwa amepigwa kwa ndoo kichwani wakigombea zamu. Baada ya hapo vijana wa pande zote wakaanza kuja chemchemini na mapanga.

"Hawa hawajawahi kugombana tangu nizaliwe," Tata akasema.

Mmoja wa wale waliozuiwa kituoni alikuwa Chacha, mtoto wa Tata, ndugu yangu niliyekula naye sahani moja. Alinikimbilia akanishika mikono yote miwili.

"Dada, afadhali umekuja. Wewe unajuana na wakubwa. Hebu tuulizie ni nani aliyetusingizia."

Nilitamani ardhi inimeze. Tata alinitazama tu, hakunisaidia.

"Ni mimi, Chacha," nikasema.

Aliniachia mikono. Aliangalia lile tope, kisha akasema, "Basi andika tena."

Niliporudi Dar nilimweleza mkurugenzi kila kitu. Aliniuliza kama ninajua ninachokiomba. "Ukijikanusha mwenyewe, nani atakuamini tena?" Sura ya Chacha haikuniacha. Nilisimama katika ukumbi uleule nikasema kwamba niliona magunia na nikaandika bunduki. Wawili walitoka kabla sijamaliza. Ile nafasi ya ng'ambo akapewa mwingine.

Alibaki bibi mmoja, balozi mstaafu, aliyenisogelea na kuniuliza kwa hamu kabisa, "Lakini niambie, hao watu wa nchi mbili waligawanaje maji miaka yote hiyo bila mkataba?"

"Sijui, mama."

"Hata mimi sijui. Nenda kaulize."

Nilirudi nikakaa miezi mitatu nyumbani kwa Tata, nikiuliza huku kwetu na upande wa Kenya. Nilikuta taratibu za zamu, za faini na za kusameheana, ambazo hakuna ofisi iliyowahi kuziandika. Mabomba yalirudishwa baada ya barua nyingi, Chacha akayafunga. Ugomvi ukapoa, ingawa yule mama aliyepigwa hakurudi tena pale. Na kazi yangu yote iliyofuata ilitokana na miezi ile mitatu. Nimekwenda kwenye mito na maziwa ya watu wengi kuuliza majirani wanaishije.

Kwa hiyo, mwanangu, soma historia, soma uchumi, jifunze Kifaransa au Kiarabu, wala usikiache Kikurya chako. Jifunze kuandika kwa ufupi, maana wakubwa hawana muda. Tafuta taasisi, anza hata kwa kupanga vitabu. Hayo watakufundisha wengi. Mimi nakuongezea hili: usiende mahali ukiwa na jibu mfukoni. Mtu unayemwandika ana mdomo, zungumza naye kabla hujazungumza juu yake. Na siku utakapokosea, kwa kuwa utakosea, sema kwa sauti ileile uliyoitumia ulipokuwa unasifiwa.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe akili pevu na moyo mnyenyekevu, akukutanishe na watu wema ugenini, na jina la wazazi wako litajwe kwa heshima popote utakapoketi.