Koti Namba Arobaini na Moja

Mkinicheka sitawalaumu, maana hata mimi nikiikumbuka siku ile natafuta meza ya kujificha chini yake, lakini kwa kuwa mke wangu Rispa haachi kunitania kuhusu makoti, afadhali mkisikie kisa hiki kwangu kabla hajakitia chumvi yake.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, tumeoana mwaka mmoja tu, tunakaa chumba kimoja hapa Nakuru, nami kazi yangu ni kupiga pasi kwa dobi mmoja mjini (pasi ya makaa, ukizubaa kidogo inakutobolea shati la mtu). Chuo kimoja cha Bombay kilikuwa kimenikubali nijifunze ufundi wa umeme, na Rispa akaapa kwamba habaki nyuma, basi tukapanga safari ya watu wasio na kitu: melini tutalala sitahani, unga na dagaa wa omena tutabeba wenyewe, sufuria moja, blanketi mbili. Ilibaki pasipoti, nayo ilitaka picha, na barua ya mtu mzima wa kuheshimika aseme kwamba mimi ni mwaminifu. Barua tuliahidiwa na Mzee Zakaria, fundi wa reli na mzee wa kanisa letu.

Kwenye picha ndipo nilipojichimbia shimo. Sikuwa na koti. Rispa akaniambia, "Si uombe mtu? Kuomba si kuiba." Mimi na jeuri yangu ya ujana nikaona haya kuomba, na huku kwa dobi makoti yamening'inia tele! Jumamosi asubuhi nikachagua moja la bluu lenye karatasi ya namba arobaini na moja (sisi wapiga pasi tulijua nguo kwa namba tu, majina yalikaa kwenye daftari la tajiri wetu, yule dobi), nikalivaa, mbio mpaka kwa mpiga picha, nikakuta foleni ndefu. Niliporudi saa nane tajiri anafoka, mwenye koti amekuja mara mbili, amekata tamaa, amepanda treni kwenda harusini Longonot na sweta. Nikajifanya nimeliokota nyuma ya kapu la mashuka, nikamshukuru Mungu kwamba yameisha.

Hayakuisha. Jumapili ya wiki iliyofuata kanisa lilituandalia chai ya kutuombea safari. Mzee Zakaria amesimama, bahasha mkononi, anawaeleza watu jinsi anavyonijua, na wakati huohuo picha ambayo Rispa alikuwa ameipitisha meza kwa meza kwa furaha yake ikamfikia Mama Hana, mke wa Mzee.

"Ngoja kwanza," akasema. "Hii koti si ya mzee yangu? Hii kifungo ya katikati nilitoa kwa koti yake ya reli, ndiyo maana ni kubwa kushinda zingine."

Ningenyamaza tu. Lakini mdomo nao! "Makoti yanafanana, mama," nikasema.

"Na hii karatasi kwa mkono? Si ni ya dobi? Arobaini na moja."

(Kubandua karatasi za watu ndiyo ilikuwa kazi yangu kila siku, siku hiyo nikasahau ya kwangu.) Mtu mmoja nyuma alicheka chai ikampalia.

"Nilipeana binti ya marehemu ndugu yangu na sweta imetoboka kiwiko," Mzee Zakaria akasema polepole. "Wakwe wakiniangalia." Akairudisha bahasha mfukoni. "Kijana, nikikupa hii barua leo, tutakuwa waongo wawili."

Rispa akalia palepale. Sijawahi kuumia vile. Nikasimama nikakiri yote, hata uongo wa kapu la mashuka, na kesho yake nikamwambia tajiri, akanifukuza. Meli ikaondoka bila sisi. Zile omena tulizila wiki tatu bila kusemezana sana, halafu nikaenda mashamba ya Ndabibi kibarua cha kukamua ng'ombe, Rispa akibaki Nakuru.

Baada ya miezi minane, siku nimekuja nyumbani mapumziko, Mzee Zakaria alitujia chumbani na bahasha na kifurushi. "Nimeandika ingine," akasema. "Nimesema ulikosa mbele ya watu, ukakubali mbele ya watu."

Nikamshukuru, Rispa akanikanyaga mguu nisiishie hapo. "Mzee," nikasema huku nimeinamisha kichwa, "naomba uniazime koti ya picha."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Sasa umejua kuomba! Lakini koti hapana. Shika hii." Akafungua kifurushi, mlikuwa na ile sweta.

Tangu siku hiyo hata shuka ya Rispa sijifuniki kabla sijaomba ruhusa. Na pasipoti niliyovukia bahari, mke wangu ubavuni na sufuria kwapani, ina picha yangu nimevaa sweta ya mzee. Tundu la kiwiko halionekani pichani, lakini pale mbele ya kamera nilikuwa nasikia baridi ikipita.