Gauni Lililogoma Kukaa

Pale ofisi ya vifurushi walimwita Bi Sindano, na jina hilo alilipenda kuliko lile la kwenye kitambulisho. Mchana kutwa alikuwa dirishani, anapokea mabunda ya watu na kugonga mihuri. Akirudi nyumbani, hata viatu hajavua vizuri, yuko kwenye kitambaa. Na asikudanganye mtu kwamba alishona sare za shule au mapazia. Alishona nguo za watu waliokwisha kuoza zamani: magauni ya kifalme yenye sketi za kujaa mlango mzima, makoti ya askari wa farasi, soksi ndefu za sufu alizozifuma mwenyewe. Nani kamtuma? Hakuna. Ni raha zake tu, na raha ya mtu haina mjadala.

Mwiko wake mkubwa ulikuwa cherehani. Kila mshono kwa mkono, hata ule wa ndani kabisa ambao hakuna jicho litakaloufikia, kwa sababu wenyewe wa enzi zile hawakuwa na mashine. Halafu nguo ya namna hiyo haishonwi kwa saizi ya dukani. Inakatwa juu ya mtu, inachomwa pini mwilini mwake, inafuata mbavu na mabega yake yeye na si ya mwingine. Mtu huyo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mwalimu wa chekechea, ambaye nyumbani tangu utotoni walimwita Kibonge kwa vile alivyojaaliwa mwili. Kibonge hakuwa na subira ya kushona hata kifungo, lakini kusimama juu ya stuli na kugeuzwageuzwa huku akipiga soga, hapo alikuwa bingwa. Jumapili ilikuwa siku yao.

Sasa niseme mapema kabla hasira hazijanipanda: Kibonge alikuwa anaisha, na dada yake, aliyekuwa akimshika kiuno kila Jumapili, hakuona. Kipofu angeona. Yeye na utepe wake wa kupimia shingoni, hakuona.

Mwaka huo chama chao cha wapenzi wa nguo za kale kilipewa ukumbi wa maonyesho katika jumba la makumbusho. Mwenyekiti akapitisha kwamba gauni la Bi Sindano litasimama mbele kabisa, tena livaliwe na mtu hai, si sanamu. Bi Sindano kichwa kikavimba. Mvua zilipoanza akamvalisha mdogo wake kizibao cha ndani, kile cha kubana chenye fito, akakuta kinacheza kiunoni. Akalaumu kitambaa, eti vitambaa vya siku hizi vinavutika ovyo. Akafumua, akapunguza pande zote mbili, akarudishia. Baada ya majuma machache kikacheza tena. Safari hii akalaumu mkasi, kisha macho yake, akaenda kubadilisha miwani. Mabega nayo yakaanza kuporomoka. Soksi zikashuka mpaka kwenye vifundo. Akasema sufu ni mbovu, akafumua mguu mzima na kuufuma upya kwa kubana zaidi, nao ukashuka vilevile. Jamani! Mtu anafumua soksi nzima, lakini mguu wenyewe hautazami.

Kule shuleni walimu wenzake walimsifia Kibonge kwamba kapendeza, wakamuuliza anafanya mazoezi gani. Alicheka nao. Lakini juu ya stuli soga zilikuwa zimekwisha, na mara nyingi aliomba kiti. Bi Sindano alimpa shingo upande, maana aliyeketi hapimiki. Alipokuwa anajikunja kwa maumivu ya tumbo, dada mtu alimkaripia kwamba anaharibu mstari wa mgongo.

Jumapili moja Kibonge alitazama pini zikiingia, akauliza polepole, "Dada, mbona unapunguza tena?"

"Nilikata vibaya."

"Una hakika ni wewe?"

"Sasa ni nani mwingine? Hebu simama wima."

Kibonge akasimama wima.

Siku ya maonyesho gauni lilimkaa. Lilimkaa hasa, wala hapakuwa na mkunjo mahali popote. Watu walilizunguka, wakainama kutazama pindo, mwenyekiti akashindwa kujizuia akapiga makofi. Bi Sindano alilia kwa furaha mbele za watu. Pembeni yake mdogo wake alimwambia kwamba hawezi kupumua vizuri, naye akamwomba avumilie kidogo, wapiga picha wanakuja. Akavumilia. Picha zilipokwisha, alitembea mpaka chumba cha kubadilishia nguo na kuanguka mlangoni.

Hospitalini muuguzi alichukua mkasi ili aufikie mwili haraka. Na hapa ndipo ninapomkasirikia kabisa, kwa sababu neno la kwanza lililomtoka Bi Sindano halikuwa jina la mdogo wake. Alisema, "Taratibu na huo mshono." Muuguzi alimtazama mara moja tu, akakata kuanzia shingoni hadi chini. Kizibao kikafunguka. Ndipo dada mtu alipoziona mbavu, na mifupa ya nyonga, na tumbo lililobonyea. Akaketi sakafuni.

Vipimo viliporudi, daktari hakuzunguka. Ugonjwa ulikuwa umekwenda mbali, na cha kufanya kilikuwa kidogo. Akauliza mgonjwa alianza kupungua lini.

"Muulize dada," Kibonge akasema, macho kayafumba. "Mimi niliogopa. Nikawa nasubiri aone yeye, aniambie twende hospitali."

Daktari akamgeukia Bi Sindano.

"Mvua zilipoanza," akajibu. "Ndipo nilipopunguza kiuno mara ya kwanza."

Daktari alisema kwamba wakati ule pengine wangeweza kumtibu, kisha akatoka. Bi Sindano akavuta kiti karibu na kitanda, akaingiza mkono chini ya shuka na kuushika wa mdogo wake. Kibonge akauondoa wake taratibu, akauweka kifuani.

"Niache kwanza, dada," akasema. "Umenishika vya kutosha."