Mafuta ya Nazi Kwenye Bunduki

Kuna asubuhi moja ya mwezi wa saba ambayo naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na baridi yake naikumbuka. Mama yako amekuacha ukue ukiamini kwamba goti lake liliharibika kwa ajali ya shambani. Ni kweli ilikuwa shambani. Lakini haikuwa ajali. Lilikuwa kosa, na mwenye kosa ni mimi mjomba wako. Nilipomwomba ruhusa nikueleze, alisema, "Mwambie, asije akafanya kama wewe." Maana tumesikia umepewa kikosi cha kuongoza, na kwamba mmeagizwa kupunguza watu.

Miaka ile Wareno walikuwa wanapigana vita ng'ambo ya Ruvuma, na kijiji chetu kilikuwa upande huu, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Msimbati. Mashamba yetu ya mpunga yalikuwa bondeni, karibu kabisa na maji, kwa hiyo mtu alivuna huku jicho moja liko mtoni. Ndiyo sababu tulikuwa na mgambo wa kijiji, watu thelathini. Mimi, kijana wa miaka ishirini na mitatu niliyerudi na cheti cha mafunzo kutoka Mtwara mjini, nilikuwa kiongozi wao. Kazi yetu kubwa ilikuwa moja: boti ya askari wa ng'ambo ikionekana, tupige risasi tatu hewani, na wavunaji wakimbilie kwenye mikoko.

Siku moja akaja mshauri wa mgambo kwa Landrova. Alikuwa mtu wa bara, mpole, hana maneno mengi. Akaniambia, "Kijana, thelathini ni wengi mno. Mikorosho imezidiwa na majani, watu warudi mashambani. Risasi na mafuta ya bunduki nitakayokuletea kuanzia sasa ni ya watu kumi. Chagua kumi, uwafundishe sawasawa." Basi. Akanywa maji ya dafu, akaondoka.

Mwenzio nilisikia nimetukanwa. Wakati ule nilikuwa nimepeleka posa kijiji cha Ziwani, na wakwe walikuwa wameshaambiwa kwamba mchumba ni mkubwa wa watu thelathini. Ningewaeleza nini, kwamba sasa ni mkubwa wa watu kumi? Wachache hivyo hata kucheza mpira hawatoshi.

Kwa hiyo nikajifanya mjanja. Nikawaondoa sita tu, wale wazee na wale waliokuwa wanaharibu mstari kwenye gwaride. Wa kwanza kumwondoa alikuwa Mzee Nambunga. Huyu alikuwa askari enzi za mkoloni, na nyonga yake moja ilikuwa mbovu, akitembea anayumba. Ndiye aliyetunza bunduki zetu. Kila wiki alituketisha chini, kila mtu afungue bunduki yake kipande kwa kipande na kuirudisha huku amefumba macho. Nilimshukuru mbele ya watu, nikampeleka nyumbani. Wakabaki ishirini na wanne, na vifaa vya watu kumi nikavigawa kwa wote hao.

Hesabu haikukubali, lakini niliilazimisha. Risasi hazikutosha kufanyia mazoezi, nikafuta mazoezi ya shabaha. Mwalimu wa kufungua bunduki hayupo, na hilo nalo likafa. Kopo la mafuta likaisha katika wiki ya pili. Nikasema, sisi watu wa pwani tutakosaje mafuta, na minazi yote hii? Nikawaambia kila mtu apake mafuta ya nazi, nje na ndani. Mwanangu, bunduki ziling'aa! Gwaride la Jumamosi likapendeza, wanawake wakapiga vigelegele, na baba mkwe alikuja kutoka Ziwani kutazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilijiona nimewapata wote, mshauri na wakwe.

Mzee Nambunga akaja kwangu, akakaa kibarazani. "Mjukuu wangu," akasema, "mafuta yale ni ya nywele. Bibi yako hajakuonyesha chupa yake asubuhi za kipupwe? Yanaganda yale."

Nikamjibu, "Mzee, wewe umeshapumzishwa. Pumzika."

Akavaa kofia yake, akaenda zake. Nilidhani ana kinyongo cha kuachwa. Jibu lile linaniaibisha mpaka leo, hata zaidi ya mambo mengine yote nitakayokueleza.

Asubuhi yenyewe ilikuwa na ukungu juu ya mto na baridi ya kujikunyata. Mimi na wenzangu watatu tulikuwa ukingoni. Chini yetu wanawake wanane walikuwa wanavuna, na mama yako, dada yangu Somoe, alikuwa mbali kuliko wote, kule maji yanakoanzia. Alikuwa binti hajaolewa bado, mwepesi wa kazi, na wenzake walimtania kwamba anavuna kama anafukuzwa. Maji yalikuwa yanajaa, na boti ikaja nayo taratibu, ikatokea kwenye ukungu.

Nikakoki bunduki. Komeo lake likaenda kwa uzito, kama mwiko kwenye ugali uliopoa. Nikafyatua, ikasema "tik". Nikakoki tena, "tik". Mafuta yalikuwa yameganda ndani, na kile kichuma cha kugonga risasi hakikuwa na nguvu ya kufika. Nikanyakua ya mwenzangu wa kulia, nayo "tik". Ya wa tatu haikufunguka kabisa. Wa nne alikuwa kijana mrefu, mzuri sana kwenye gwaride, ambaye hajawahi kupiga risasi hata moja. Alipojaribu kuijaza, risasi zikamwangukia kwenye majani.

Ikabaki kupiga kelele. Upepo ulikuwa unatoka baharini, ukaturudishia sauti zetu. Wale wanawake wakainua vichwa, wakatutazama tunavyorukaruka, na wawili wakacheka. Walifundishwa kusikiliza bunduki, hawakufundishwa kusikiliza wanaume wanaopayuka. Na bunduki wakaisikia, lakini ilitoka kwenye boti. Saba wakawahi kwenye mikoko. Somoe hakuwahi; risasi ikampata gotini.

Boti ikapita, haikusimama hata. Sisi tukambeba mama yako kwa kitanda cha kamba kwenda Msimbati kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Mzee Nambunga alibeba nasi njia yote na nyonga yake ile, hataki kupokelewa. Tulipopumzika mara ya kwanza, jua halijaanza kuchoma, alichukua bunduki yangu, akaifungua, akachokoa ndani kwa kijiti, akatoa kitu cheupe kama shahamu ya mbuzi. Akakipaka kiganjani mwangu.

"Ishirini na wanne," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyeweza kuwaambia wakimbie."

Nililia pale pale, mbele ya watu niliokuwa nawaamrisha.

Wiki iliyofuata niliwapanga wote uwanjani, nikafanya nilichoambiwa tangu mwanzo. Nikabakiza kumi. Mzee Nambunga alikuwa wa kwanza kuitwa. Yule mrefu wa gwaride alikuwa mtoto wa shangazi yangu, nikamwambia uso kwa uso kwamba anarudi shambani na kwa nini, na shangazi hakunisalimu msimu mzima. Walioondoka tuliwaita mara moja kwa mwezi wasisahau kushika bunduki. Wale kumi walipiga shabaha, walifungua na kufunga, na mafuta yalitosha. Posa yangu Ziwani ilirudishwa, na haki yao. Mavuno yaliyofuata boti ilikuja tena, risasi tatu zikalia, na ilipofika mkabala wa mashamba haikukuta mtu. Hakuna aliyetusifu. Watu walirudi wakamaliza kuvuna.

Sasa wewe, mwanangu, ukiambiwa punguza, punguza kweli. Usifiche wingi kwenye karatasi kwa kuwanyima watu mazoezi na vifaa, maana hapo utakuwa na majina, jeshi huna. Mtu wa mwisho kumgusa awe yule anayefundisha wenzake na yule anayetunza zana, hata kama hapendezi kwenye mstari. Anayeondoka aondoke kwa heshima, na njia ya kumwita iwe wazi. Kinachokatwa kikatwe mbele ya macho ya kila mtu, pamoja na wa nyumbani kwako. Na kabla hujatia saini, mfikirie mtu mmoja aliyeinama anavuna, ambaye hata hajui jina lako, na anakutegemea.

Nilimwomba mama yako msamaha hospitalini, akanipa, na goti halikunyooka. Mungu akupe moyo wa kubaki na wachache bila kuona haya. Akupe na masikio ya kuwasikiliza wazee wenye nyonga mbovu. Na wote watakaowekwa chini ya ulinzi wako, awarudishe nyumbani kwa miguu yao miwili.